Nabii Amosi kwenye mizani ya pamba

Ijumaa ya tarehe 5 Julai 2024, kalenda ya masomo ya Misa ilielekeza isomwe sura ya nane ya kitabu cha Amosi. Somo lilikuwa lile lile Roma, Manila, Kinshasa na Bariadi. Humo nabii huyo, mchunga kondoo wa Tekoa, anawakemea wafanyabiashara wanaoona sikukuu inachelewa kwisha. Wana hamu ya kufungua maghala, kupunguza kipimo, kupandisha bei na kuichezea mizani, hadi maskini auzwe kwa thamani ya jozi ya viatu.

Waliopanga masomo hayo mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hawakuwa na Usukuma kichwani. Waliyagawa masomo ya siku za kazi katika mzunguko wa miaka miwili, Amosi akaangukia mwaka wa shufwa, wiki ya kumi na tatu, yaani mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Lakini katika mkoa wa Simiyu, Usukumani, huo ndio msimu wa kuuza pamba. Mtu anatoka kanisani asubuhi, anapakia magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kwenda kusimama mbele ya mizani.

Sidhani kuna mahali pengi duniani ambapo nabii wa karne ya nane kabla ya Kristo anafika kazini kwa wakati namna hiyo. Ndiyo maana napenda kuifuata historia ya nchi hii kwa njia ya masomo yake: ni nini kilisomwa, nani alisikia, na alipotoka nje alikutana na nini.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Simiyu uliundwa Machi 2012, ukizichukua Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Magu ya Mwanza. Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Watu wake, hata hivyo, wana kumbukumbu ndefu. Kabla ya mikoa palikuwa na tawala za batemi: Ntuzu, Itilima, Kanadi, Ng'wagala na nyinginezo. Neno ntemi huhusishwa na kukata: kukata miti ya kufungulia nchi mpya, na kukata shauri. Ntemi alikuwa hakimu, na alikuwa pia mdhamini wa mvua. Mvua ikigoma mwaka hata mwaka, wazee walikuwa na njia zao za kumwondoa. Kwa watu hao haki na mvua vilikuwa jambo moja. Zaburi ya 72, inayomwombea mfalme awe mwamuzi wa haki kwa wanyonge na kumfananisha na manyunyu yanayoinywesha nchi, Msukuma angeielewa bila mfafanuzi.

Ukombozi nao ulikuwa na hadithi yake. Mtoto wa Kisukuma wa zamani aliisikia usiku, moto ukiwaka, kabla hajasikia habari za Farao. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Alinusurika mwanamke mmoja tu, mja mzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina la mtu mwenye akili nyepesi ya kuelewa. Alipokua akauliza, "Mama, watu wengine wako wapi?" Alipoambiwa, akaanza kuwinda. Akaua panzi, akamletea mama: huyu ndiye? Siye. Akaua ndege, akaua swala, bado siye. Hatimaye akaliua zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka hai, baba yake akiwamo.

Msimulizi mvivu huishia hapo, lakini hadithi inaendelea. Katika kulipasua tumbo, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumroga mkombozi wake. Masala Kulangwa hakumuua wala hakumfukuza. Alitafuta dawa, akamponya sikio. Baada ya hayo watu wakamfanya ntemi.

Nitalirudia sikio hilo. Kwanza tuwaone waliokuja na kitabu.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Kageye, pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, mwaka 1877 wakielekea kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mapadre Weupe, watu wa Kardinali Lavigerie, walifungua Bukumbi mwaka 1883. Kwa upande wa Simiyu ya leo mlango ulikuwa Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, sasa ndani ya Busega. CMS waliweka kituo hapo mwishoni mwa karne ya 19, wakakikabidhi mwaka 1909 kwa Africa Inland Mission, mama wa kanisa tunaloliita leo AICT. Mmisionari Emil Sywulka alifanya kazi ya tafsiri: Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Waadventista wa Kijerumani nao walifika upande wa Kanadi na Ntuzu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ilipokuja wamisionari wao walikamatwa kama raia wa adui, na waumini wachache wakabaki na Sabato yao bila mzungu wa kuwaongoza. Wakatoliki walikuja kwa nguvu baadaye. Prefektura ya Maswa iliundwa mwaka 1950 na mwaka 1956 ikawa Jimbo la Shinyanga, chini ya Wamaryknoll kutoka Marekani, na askofu wa kwanza akawa Edward McGurkin.

Kila kundi lilikuja na namna yake ya kusoma kila siku. Mwadventista ana Kesha la Asubuhi, anafungua ukurasa wa tarehe ya leo kabla jogoo hajamaliza kazi yake. Wa AICT amezoea kusoma kitabu cha Biblia kwa mfululizo, sura kwa sura, kalamu mkononi. Mkatoliki hupewa masomo na kalenda, na tangu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki waliposisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo, huyatafakari nyumbani kwa jirani. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele, viti vinatolewa nje, watoto wanakaa kwenye jamvi. Somo linasomwa kwa Kiswahili, pengine mara mbili. Kisha huja kimya kidogo. Halafu mzee mmoja huanza kulieleza kwa Kisukuma, na hapo ndipo mambo hufunguka, kwa sababu ya moyoni husemwa kwa lugha ya nyumbani.

Hapa lazima niwataje Donald Sybertz na Joseph Healey, mapadre wawili wa Maryknoll. Sybertz aliishi miaka mingi Ndoleleji, Shinyanga, akikusanya methali, vitendawili na hadithi pamoja na kamati ya wazee Wasukuma. Vijitabu kama Kueneza Injili kwa Methali na Kugundua Mbegu za Injili vilitokana na kazi hiyo. Ndio waliomsogeza Masala Kulangwa karibu na altare, wakawaonyesha watu kuwa mkombozi aliyepasua tumbo la mauti wanamfahamu tangu utotoni. Usiku wa Pasaka, wakati sura ya 14 ya kitabu cha Kutoka inaposomwa, na hilo ni somo ambalo kanuni za Kanisa haziruhusu liachwe, msikilizaji wa Kisukuma ana picha mbili mbele yake, bahari iliyogawanyika na zimwi lililopasuliwa.

Nirudi kwenye pamba, maana ndiko somo lilikojaribiwa kwanza.

Pamba ilishamiri Usukumani wakati wa Waingereza, na biashara ya kuinunua na kuichambua ikawa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Uchungu wote ulikusanyika kwenye mizani. Waliokua enzi ya mizani ya rula wanaijua vizuri. Gunia linaning'inizwa kwenye ndoano. Karani anasogeza uzito kwenye mkono wa chuma wenye mistari, anangoja utulie, au anajifanya anangoja, kisha anataja namba. Mkulima anaona chuma tu, namba anaambiwa. Kidole kidogo kikigusa mahali, kilo zinapotea, na kilo hizo ni ada ya shule, ni shuka la mama, ni ndama wa mahari. Mwaka mzima wa jembe unaishia kwenye sekunde tano za mtu mwingine.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista, akasoma shule ya Waadventista ya Ikizu. Kijana wa nyumba ya namna hiyo hakuhitaji kufundishwa kwamba mizani ni jambo la ibada. Biblia inaitaja kwenye Torati, kwenye Mithali na kwa manabii, na kila mara inasema kuwa Mungu anaiangalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na wenzake waliwakusanya wakulima wa Jimbo la Ziwa kwa hoja iliyoeleweka hata na asiyejua kusoma: tupime wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na katika miaka michache kikawa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga TANU marufuku Usukumani tangu 1954 hadi 1958, kwa hiyo siasa nyingi zilipitia kwenye ushirika. Unaweza kusema uhuru wa huku ulianza kwa kugombea gramu.

Hilo lilikuwa somo lililoeleweka, na mimi nasema wazi kuwa lilieleweka kwa sababu lilikuwa rahisi. Farao wa mizani alikuwa mgeni. Alikuwa na duka, alikuwa na gari, hakuzungumza Kisukuma nyumbani kwake. Kumtambua hakukumgharimu mtu usingizi.

Baada ya hapo mambo yalianza kuwa magumu. Ushirika nao ulizaa makarani wake, na malalamiko ya mizani hayakuhama na Wahindi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu Shinyanga nzima kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, wengine wakiiacha miji iliyozungukwa na minyaa waliyoirithi kwa babu. Viongozi waliusimulia uhamisho huo kwa maneno ya nchi ya ahadi. Waliopakiwa kwenye malori waliweza kuwa na sura nyingine ya Biblia akilini, ile ya uhamishoni. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri, na kazi yake ikaenda kwa mashirika ya umma. Vilirudishwa baadaye kwa sheria ya 1982.

Mwaka huo huo wa 1976 lilitokea jambo ambalo mikoa ya Mwanza na Shinyanga haijalisahau. Mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi yalikuwa yamezidi, na Serikali ikaanzisha msako. Mamia walikamatwa. Waliteswa wakati wa kuhojiwa, na baadhi yao walikufa wakiwa mahabusu. Habari zilipojulikana, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Wakuu wa mikoa hiyo miwili pia waliondoka madarakani. Baadaye maofisa wa vyombo vya dola walifikishwa mahakamani. Kujiuzulu kwa Mwinyi husimuliwa kama mfano wa uwajibikaji, na ni kweli ni mfano, akaja kuwa Rais mwaka 1985. Lakini katika kumsifu waziri tumeyasahau makundi mawili: mahabusu waliokufa, na mabibi waliouawa kabla ya msako kuanza.

Sasa nilirudie sikio.

Kati ya mwaka 1970 na 1984, takwimu za Serikali zilihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Usukumani ndiko kulikoongoza. Aliyeuawa kwa kawaida alikuwa ngikulu, bibi mzee, mara nyingi mjane, mara nyingi mwenye kipande cha shamba au ng'ombe wachache ambao mtu mwingine aliwatamani. Ushahidi ulikuwa macho yake mekundu.

Ingia jikoni uone macho hayo yanavyopatikana. Nchi ya Simiyu imekatwa miti kwa ajili ya pamba na malisho, kuni hazipatikani karibu. Bibi anawasha kwa mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Nyumba haina dirisha, mafiga matatu yako katikati, moshi hauna pa kwenda isipokuwa machoni kwake. Anapika hivyo miaka hamsini, analisha watoto, kisha wajukuu. Ndipo mjukuu anaugua, mtu anakwenda kupiga ramli, na mganga anasema mbaya wenu yuko nyumbani kwenu, ana macho mekundu. Polisi wana jina la kitu hicho: ramli chonganishi. Usiku wanakuja vijana na mapanga, wamelipwa.

Walinzi wa vikundi vya Sungusungu walioanzia upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaenea hadi Bariadi, walirudisha ng'ombe walioibwa, na wananchi waliwapenda. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Hata hivyo baadhi ya vikundi hivyo navyo viliwahukumu wachawi. Kuanzia mwaka 2006 hivi ramli ikahamia kwa watu wenye ualbino, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Makanisa yalikuwa wapi? Hayakunyamaza kabisa. Maaskofu waliandika, mapadre na wachungaji walihubiri, masista na wainjilisti waliwapokea waliokimbia. Bado naona tulichelewa. Amosi tulimwelewa ndani ya msimu mmoja wa pamba. Bibi wa macho mekundu alisubiri miongo, kwa sababu Farao wake hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa dada, alikuwa mwanakwaya, pengine alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ile ile iliyotoa viti nje.

Na hivi karibuni neno lenyewe la ukombozi limeanza kubadilika maana. Uamsho wa Kipentekoste una mizizi ya heshima Usukumani. Askofu Moses Kulola, aliyeanzisha kanisa la EAGT na kufariki mwaka 2013, alikuwa mtoto wa nchi hii. Lakini siku hizi, kwenye baadhi ya mikutano ya maombezi, kukombolewa ni kutajiwa aliyekufunga. Mtu anaanguka, anapiga kelele, anaulizwa nani kakutuma, na jina linalotoka ni la shangazi au la bibi. Mhubiri aliyesoma Biblia usiku kucha anafikia jibu lile lile la mpiga ramli. Masala Kulangwa alimletea mama yake panzi, ndege na swala, akauliza kila mara kama ndiye, na aliambiwa siye. Alikuwa na subira ya kupima kabla ya kuhukumu. Na alipomkata bibi sikio, kama Petro alivyomkata Malko kule bustanini, aligeuka akaponya, kama Yesu alivyoponya.

Somo la kujibu hali hii lipo kwenye kalenda. Jumatatu ya wiki ya tano ya Kwaresima, kila mwaka, Wakatoliki husoma sura ya 13 ya kitabu cha Danieli: Susana, mke mcha Mungu, anasingiziwa uzinzi na wazee wawili waliomtamani na kukataliwa. Ni wazee wenye heshima, ni waamuzi wa watu, na mkutano unawaamini. Anapopelekwa kuuawa, kijana Danieli anapaza sauti, anaomba mashahidi watenganishwe, na kumuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine mti ule. Basi. Hakukuwa na muujiza, moto haukushuka, swali lile lile tu, lililoulizwa mara mbili. Ni haki ya Mungu iliyokuja kama upelelezi mzuri. Sura hii haimo katika Biblia ya Union Version ya 1952 ambayo AICT na Waadventista wengi wanaitumia, nami huona ni bahati mbaya kwa nchi hii hasa. Aliye na Biblia Habari Njema toleo lenye vitabu vya deuterokanoni anaweza kumwazima jirani.

Somo hilo limeruhusiwa kusomwa kwa namna mbili. Lile fupi linaanzia pale Susana anapokuwa amekwisha kuhukumiwa, linakwenda moja kwa moja kwa Danieli na ushindi. Refu linaeleza jinsi tuhuma ilivyopikwa: nani alitamani nini, nani alimnyemelea nani, na kwa nini kijiji kizima kiliamini. Wasomaji wengi huchagua fupi, jua linakuwa kali na watu wana mashamba. Wewe unayesimama kwenye mimbari Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, Jumatatu hiyo ikifika, soma lile refu.